Dira Moja Haitoshi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wakenya wa fani mbalimbali walikutanishwa na Institute of Economic Affairs ya Nairobi na Society for International Development ili waifikirie nchi yao kwa miaka mingi iliyokuwa mbele. Hawakutoa utabiri. Walitoa simulizi nne. Ya kwanza waliiita El Niño, kwa jina la mvua zilizoleta mafuriko nchini mwaka 1997 na 1998: ndani yake uchumi haurekebishwi, taasisi hazirekebishwi, na migawanyiko ya kikabila na kimaeneo inaitafuna nchi. Ya pili, Maendeleo, inatanguliza uchumi na kuahirisha siasa. Ya tatu, Katiba, inatanguliza taasisi na kuuacha uchumi usubiri. Ya nne, iliyopewa jina la mabata bukini wanaoruka pamoja, inayashughulikia yote mawili kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ilichapishwa kwa jina la Kenya at the Crossroads.

Miaka michache baadaye, uchaguzi wa Desemba 2007 uligeuka umwagaji damu. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Juni 2008 serikali ilizindua Ruwaza ya 2030, mpango mkubwa wa uchumi. Agosti 2010 Kenya ikapata katiba mpya. Kwa chini ya miaka mitatu, nchi ilikuwa imepitia kurasa za simulizi tatu kati ya zile nne, ikianza na ile mbaya kuliko zote.

Waandishi wa simulizi hizo hawakuwa waganga wa nyota. Walichofanya ni kutaja mapema njia ambazo nchi ingeweza kupita na gharama ya kila njia. Kwa mtu anayefanya kazi ya kufikiri kuhusu mustakabali, swali gumu ni hili: maarifa yale yaliyokuwa mezani yalipungukiwa na nini hata yasiwe kinga? Jibu langu ni kwamba hayakuwa na mahali pa kukaa ndani ya mfumo wa maamuzi. Hakuna wizara iliyolazimika kuyasoma, wala kamati ya bunge iliyopaswa kuyajibu. Pengo hilo ndilo linaloeleza uhusiano wa taaluma mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: taaluma ya mustakabali, na uonaji mbali wa kimkakati. Ya kwanza hupanua yale tunayoweza kuyawaza. Ya pili huyapeleka yaliyowazwa kwenye bajeti, sheria na mikataba. Zikitengana zote mbili hudhoofika, na naamini nchi zetu zinalipa gharama ya utengano huo kila mwaka.

Ilikotoka taaluma yenyewe

Ossip Flechtheim, mwanazuoni wa siasa Mjerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler na kuhamia Marekani, ndiye aliyeanza kutumia jina la futurolojia katika miaka ya 1940. Alitaka mustakabali uchunguzwe kwa nidhamu ileile inayotumika kuchunguza historia. Lakini msingi ninaouthamini zaidi uliwekwa na mwanafalsafa aliyezaliwa Afrika. Gaston Berger alizaliwa mwaka 1896 Saint-Louis, Senegal, akapanda hadi kuwa msimamizi mkuu wa elimu ya juu Ufaransa, na mwaka 1957 akaanzisha jijini Paris kituo cha kimataifa cha fikra za mustakabali. Chuo kikuu cha Saint-Louis leo kina jina lake. Berger alidai mambo matano kwa mtu anayetaka kupanga: atazame mbali, atazame kwa upana, achambue kwa kina, athubutu, na amfikirie binadamu. Msomaji alishike hilo la tano, kwa sababu ndilo linaloachwa nyuma mara kwa mara.

Mfaransa mwenzake, Bertrand de Jouvenel, alitoa mwaka 1964 kitabu L'Art de la conjecture. Hoja yake bado ni nguzo: ukweli unaojulikana ni wa yaliyopita, kwa maana yamekwisha kuwa. Kuhusu yajayo hatuna ukweli wa kuukusanya. Tuna makisio yenye hoja, na makisio hayo lazima yawe mengi kwa sababu njia zenyewe ni nyingi. Kutoka hapo taaluma ikazoea kutofautisha mustakabali wa aina tatu: ule unaowezekana, ule unaoelekea kutokea, na ule tunaoutaka. Mwaka 1973 wanataaluma hawa walianzisha shirikisho lao la dunia jijini Paris, na vyuo vikuu kama Hawaii, Houston na Stellenbosch vikawa na vituo au masomo ya fani hii.

Waafrika hawakuwa watazamaji katika safari hiyo. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, aliongoza upande wa Afrika katika mradi wa kimataifa uliowataka wasomi wa kila bara waeleze dunia wanayoitaka kabla ya karne kuisha, na mwaka 1976 akatoa kitabu A World Federation of Cultures: An African Perspective. Februari 1979 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitisha kongamano Monrovia kujadili Afrika ya mwaka 2000, na mwaka uliofuata marais wakapitisha Mpango wa Utekelezaji wa Lagos. Mpango huo ulikuwa na ndoto nzito ya kujitegemea. Nchi zikaingia katika miaka ya madeni na masharti ya wakopeshaji, ndoto ikabaki kwenye makabati. Fikra zilikuwepo, lakini njia ya kuzifikisha kwenye uamuzi, na ya kuzirekebisha pale mazingira yalipobadilika, haikuwepo.

Kutoka kitabuni hadi mezani

Tawi la pili lilikulia mahali pengine kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, taasisi ya RAND nchini Marekani ililipwa na jeshi ili ifikirie vita vya nyuklia. Hapo Herman Kahn alizoesha watu kuandika senario, yaani simulizi zenye mantiki za jinsi hali fulani inavyoweza kutokea hatua kwa hatua. Hapo pia Olaf Helmer na Norman Dalkey walibuni mbinu ya Delphi: wataalamu wanaulizwa bila kukutanishwa, majibu yanajumlishwa na kurudishwa kwao bila majina, wanaulizwa tena, mpaka ionekane wanapokubaliana na wanapotofautiana. Kutotaja majina kuna faida kubwa, hasa katika jamii kama zetu ambako kijana hathubutu kumpinga mkubwa hadharani.

Biashara ilizichukua mbinu hizo, na kisa cha kampuni ya mafuta ya Shell ndicho maarufu zaidi. Mfaransa Pierre Wack na mwenzake Ted Newland waliwaeleza wakuu wa kampuni mwaka 1972 kwamba bei nafuu ya mafuta haikuwa na uhakika wa kuendelea, kwa kuwa nchi zenye visima zilikuwa zinapata nguvu na sababu ya kuibana dunia. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, wauzaji wa Kiarabu wakapunguza mafuta, na kufikia Januari 1974 bei ilikuwa imepanda kutoka karibu Dola 3 kwa pipa hadi zaidi ya Dola 11. Shell ilikuwa imekwisha kufikiria hali hiyo na ikajipanga upesi kuliko wengi.

Somo kubwa la Wack, alilolieleza kwa kina mwaka 1985, halihusu kupatia bei. Alisema senario zake za mwanzo zilikuwa sahihi na hazikusaidia kitu, kwa kuwa meneja alizisoma, akakubali, kisha akaendelea kuamua kama jana. Senario ilianza kufanya kazi pale ilipobadilisha picha ya dunia iliyokuwa kichwani mwa mwenye kuamua. Ndiyo maana alisisitiza kutenganisha mambo ambayo yamekwisha kuamuliwa na mambo ambayo bado hayajulikani. Mfano wake ulikuwa Mto Ganges: mvua kubwa ikinyesha milimani, mafuriko ya bondeni si ubashiri tena. Mkulima wa Rufiji anaielewa hoja hiyo bila mwalimu, kwani maji yanayomfikia yeye yalikwisha kunyesha Iringa na Mbeya siku kadhaa kabla.

Katika miaka ya 1990, Richard Slaughter wa Australia aliupa ufafanuzi muungano wa matawi haya mawili: uonaji mbali wa kimkakati ni kuziunganisha mbinu za taaluma ya mustakabali na uongozi wa kimkakati wa taasisi. Kwa maneno yangu, tofauti iko katika muulizaji na swali lake. Mwanataaluma wa mustakabali huuliza: jamii hii inaweza kuwa nini, nani ameichora picha inayotutawala, na nani ameachwa nje ya picha hiyo? Mtaalamu wa uonaji mbali wa kimkakati huuliza: taasisi hii ifanye nini mwaka huu, ikijua kwamba kesho inaweza kuja kwa sura zaidi ya moja? Wa kwanza anaweza kutazama karne nzima. Wa pili kwa kawaida hutazama miaka mitano hadi ishirini na mitano, kisha hana budi kurudi na ushauri unaoweza kutekelezwa.

Tuchukue bandari ya Dar es Salaam

Maelezo ya jumla hayatoshi, hivyo nitaonyesha kazi yenyewe inavyofanyika. Sehemu kubwa ya shehena inayopita bandari ya Dar es Salaam kwenda nchi jirani ni ya Zambia na Kongo, na nyuma yake yapo madini ya Ukanda wa Shaba: shaba na kobalti ya Haut-Katanga, Lualaba na kaskazini mwa Zambia. Upande wa magharibi kuna reli ya Angola inayoshuka hadi bandari ya Lobito, ambayo Marekani na Umoja wa Ulaya wameamua kuiunga mkono. Upande wetu kuna TAZARA yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China katika miaka ya 1970, na sasa China imekubaliana na Tanzania na Zambia kuifufua.

Mpangaji wa kawaida atachukua ongezeko la shehena la miaka iliyopita, aliendeleze mpaka 2050, kisha aombe fedha za gati. Mtaalamu wa uonaji mbali ataanza kwa kuuliza mambo mawili ambayo ni mazito na hayana uhakika. La kwanza: je, dunia itaendelea kuyataka madini haya kwa wingi? Magari ya umeme yanahitaji shaba nyingi, lakini tayari ziko betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti hata chembe. La pili: je, mzigo utaelekea mashariki au magharibi? Ukiyapanga maswali hayo kwa kuyakutanisha unapata hali nne, na kila moja inastahili jina ili ikumbukwe.

Hali ya kwanza niiite Foleni: madini yanatakiwa, na mzigo unakuja mashariki. Hapo adui ni msongamano wa meli na malori, na anayekosa ni yule asiyejenga kwa wakati. Ya pili ni Kisogo: madini yanatakiwa, lakini mzigo umetugeukia kisogo na kuelekea Lobito. Gati lipo, deni lipo, mteja hayupo. Ya tatu ni Gati Pana: mzigo unapita kwetu, ila umepungua, na nafasi tuliyoijenga inakaa wazi. Ya nne ni Soko la Nyumbani: madini yamepoa na kilichobaki kimekwenda magharibi, hivyo bandari inaishi kwa kile ambacho Tanzania yenyewe inazalisha na kununua.

Kazi inayofuata ndiyo kiini cha uonaji mbali wa kimkakati, nayo huachwa na wengi wanaofurahia kuandika simulizi. Kila uamuzi unaopendekezwa unapitishwa katika hali zote nne. Gati jipya kubwa la makontena linalipa vizuri katika Foleni, na linageuka mzigo katika hali tatu nyingine. Kufufua TAZARA kunasaidia sana katika Foleni, na kukifanywa mapema kunaweza kuizuia Kisogo isitokee, ila katika Gati Pana na Soko la Nyumbani kunahitaji masharti ya mkopo yanayovumilika. Kuharakisha uondoshaji wa shehena, kuunganisha mifumo ya forodha na kujenga maghala ya baridi kwa ajili ya parachichi za Njombe, ambazo sehemu yake imekuwa ikisafirishwa kupitia Mombasa, kunafaa katika hali zote nne. Basi huko ndiko pa kuanzia. Vitega uchumi vikubwa vinafuata kwa awamu, na kila awamu inafungwa kwenye dalili zilizokubaliwa mapema.

Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yanaweza kutajwa: tani zinazopita Lobito kila robo mwaka, aina ya betri zinazochaguliwa na viwanda vya magari vya China, usalama wa mashariki mwa Kongo, na sera za Kinshasa. Februari 2025 Kongo ilisimamisha mauzo ya kobalti nje ya nchi, na baadaye mwaka huohuo ikaweka ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni habari ya biashara. Kwa mwenye ramani ya hali nne, ni taarifa inayobadilisha uzito wa kila hali siku hiyohiyo.

Dalili nyingine huwa ndogo kuliko hapo, na zinahitaji jicho lililofundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Uganda, Ghana na Botswana walikuwa wakitumiana muda wa maongezi wa simu kama njia ya kupeleka fedha kwa ndugu. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamegundua huduma ambayo benki zilikuwa hazijawapa. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na leo ni vigumu kuufikiria uchumi wa Afrika Mashariki bila fedha za simu. Mustakabali mara nyingi huanzia kwa watu wasioalikwa kwenye warsha za mipango, na mtaalamu asiyekwenda kuwatazama atashangazwa nao.

Kuona peke yake hakutoshi

Sasa turudi kwenye agizo la tano la Berger, la kumfikiria binadamu. Mwaka 1988, Shell ileile iliyosifiwa kwa senario zake iliandika ripoti ya ndani kuhusu gesi zinazoongeza joto duniani. Ripoti ilieleza hatari ya tabianchi kwa uwazi wa kutisha, na ikabaki ya siri hadi ilipotolewa hadharani mwaka 2018. Kampuni iliona. Lakini mfumo wake wa kuona uliundwa ulinde biashara ya kampuni, na gharama ya walichokiona imeachiwa wakulima, wavuvi na watu wa visiwani ambao hawakuwa na kiti katika kikao chochote. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema uonaji mbali wa kimkakati sasa umekomaa na hauihitaji tena taaluma iliyouzaa. Bila maswali ya taaluma hiyo, ya mustakabali wa nani na kwa gharama ya nani, kinachobaki ni ustadi wa kumhudumia anayelipa.

Hatari ya upande wa pili ni ya kuwa na maarifa yasiyo na mamlaka. Bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam ni bonde la mafuriko, na kila mkazi wa Jangwani analijua hilo. Desemba 2011 maji yaliua watu na kuwaondoa wengine hadi Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016, ilikuwa Jangwani, na mafuriko yakaifikia tena na tena. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na ndani yake kuna daraja jipya na kuhamishwa kwa karakana. Hapa hatukukosa utabiri. Tulikosa hatua katika mchakato wa uamuzi inayomlazimisha mtu aulize swali la maji, na inayompa nguvu ya kuzuia saini.

Afrika Kusini inaonyesha kinachowezekana pale maarifa na mamlaka vinapokutana. Mwaka 1991 na 1992, katika kituo cha Mont Fleur karibu na Stellenbosch, wanasiasa, wanaharakati, wafanyabiashara na wasomi walioketi pande tofauti za mapambano waliandika senario nne za nchi baada ya ubaguzi. Mojawapo, Icarus, ilionya kuhusu serikali mpya itakayotumia fedha nyingi kwa haraka, ipae, kisha ianguke. Miongoni mwa walioshiriki walikuwemo Trevor Manuel na Tito Mboweni. Manuel akawa waziri wa fedha mwaka 1996, Mboweni akawa gavana wa benki kuu mwaka 1999. Mtu anaweza kulaumu kwamba tahadhari yao ilizidi na maskini wakasubiri mno, na lawama hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba senario ile ilibaki kabatini.

Tusitegemee bahati ya aina hiyo, kwamba aliyeandika ndiye atakayekuja kuamua. Bunge la Finland lina Kamati ya Mustakabali tangu mwaka 1993, nayo ikawa ya kudumu mwaka 2000. Kila serikali inapeleka bungeni ripoti ya mustakabali na wabunge wanaijibu. Singapore ilianza mazoezi ya senario katika wizara ya ulinzi, ikayapeleka katika serikali nzima, na mwaka 2009 ikaunda kituo maalumu chini ya utumishi wa umma. Wales ilitunga sheria mwaka 2015 inayozitaka taasisi za umma zizingatie ustawi wa vizazi vijavyo, na kuna kamishna wa kuzikumbusha. Mataifa hayo hayafanani kwa siasa wala kwa ukubwa. Yanafanana kwa jambo moja: kazi ya kuona mbali ina ofisi, ina ratiba, na ina mtu anayewajibika kuijibu.

Dira zetu na kinachopungua

Tanzania ina utamaduni wa kupanga ambao haustahili kudharauliwa. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliipa hotuba yake kichwa ambacho kimekuwa methali, kwamba kupanga ni kuchagua. Dira ya Maendeleo 2025 iliyoandaliwa mwishoni mwa karne iliyopita ililenga uchumi wa kipato cha kati, na Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa imeingia katika kundi la chini la kipato hicho. Sasa tuna Dira 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, ikilenga uchumi wa Dola trilioni 1 na wastani wa Dola 7,000 kwa kila mtu.

Napenda dira ziwe na ujasiri, na hili ni la kujivunia. Lakini dira kwa asili yake huchagua mustakabali mmoja, ule tunaoutaka. Taaluma inatukumbusha kwamba kuna aina mbili nyingine, na hizo hazitatuomba ruhusa. Zipo hali ambazo zimekwisha kuamuliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo idadi huongezeka maradufu kwa miaka ipatayo 22. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2026 akiwa na miaka sita atakuwa na miaka thelathini mwaka 2050. Nguvu kazi ya Dira tayari iko madarasani, na ubora wake unaamuliwa na idadi ya walimu wa leo. Zipo pia hali zisizojulikana: akili bandia itazifanya nini kazi za ofisini ambazo wazazi wanawasomeshea watoto, mvua za masika zitakuwaje, majirani zetu watakuwa na amani au la. Kila lengo la Dira lina dhana iliyofichwa ndani yake kuhusu mambo haya, na dhana isiyoandikwa haiwezi kukaguliwa.

Nimesikia mapingamizi mawili makubwa, na yote ni ya watu makini. La kwanza ni la imani: ya kesho anayajua Mungu. Ni kweli, na taaluma hii haidai vinginevyo, kwani imejengwa juu ya kukiri kwamba yajayo hayajulikani. Lakini Waislamu na Wakristo wetu wanakijua kisa cha Nabii Yusuf na miaka saba ya shibe iliyofuatwa na miaka saba ya njaa. Misri haikuokolewa na kuijua tafsiri ya ndoto. Iliokolewa na maghala, na kwa kuwa aliyeielewa ndoto alipewa mamlaka juu ya nafaka.

Pingamizi la pili ni la fedha: nchi yenye upungufu wa madawati haiwezi kulipia anasa ya kufikiria miaka ishirini na mitano mbele. Hesabu inasema kinyume. Kikundi cha wachambuzi kumi na wawili wenye ofisi na kompyuta kinagharimu kidogo mno ukilinganisha na kujenga mara mbili kitu kilekile mahali penye maji. Tena nchi tajiri ikikosea ina akiba ya kurekebishia. Sisi tunarekebisha kwa mkopo, na deni hilo ni sehemu ya mustakabali wa watoto ambao hatukuwauliza.

Kwa hiyo natoa wito ulio wazi. Tume ya Mipango iambatanishe kila mpango wa miaka mitano na angalau hali tatu mbadala, zikiandikwa kwa Kiswahili ambacho diwani na mwenyekiti wa kijiji wanaweza kukisoma na kukijadili. Bunge liunde kamati ya kudumu ya mustakabali, yenye haki ya kumuita waziri aeleze mradi wake utasimama vipi endapo hali mbaya itatokea. Orodha ya dalili itangazwe na ipitiwe hadharani kila mwaka, ili wananchi waone ni hali ipi inakaribia. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Zanzibar vifundishe taaluma ya mustakabali kwa historia na falsafa yake, na sambamba nayo uonaji mbali wa kimkakati kwa mbinu zake, ili wahitimu wajue kuuliza mustakabali ni wa nani na pia wajue kuandika ushauri unaotekelezeka. Na wewe msomaji, siku utakapoalikwa kwenye mkutano wa kupokea mradi katika mtaa wako, uliza swali moja kabla ya kupiga makofi: mambo yakienda tofauti na mlivyotarajia, mmepanga kufanya nini? Mradi usio na jibu la swali hilo bado haujapangwa.